Mama, Nilipika Mbegu Yako

Mama,

Hukujua kusoma. Barua ikifika nyumbani ulikuwa unaipokea kwa mikono miwili, unaigeuza mbele na nyuma kama mtu anayekagua samaki sokoni, halafu unanipa na kusema, "Soma polepole, usiruke kitu." Basi na hii nimeiandika polepole. Ijumaa nitakuja nayo hapo ulipolala nikusomee mwenyewe, na sitaruka kitu, hata pale ambapo ningependa kuruka.

Kwanza salamu, maana ulinifundisha kwamba mtu haingii na shida yake kabla ya kuuliza hali. Hali yako siwezi kuuliza. Ya kwetu ni hii. Mdogo wangu Ramazani bado anabeba watu kwa ile pikipiki yake, na bado breki zitatengenezwa wiki ijayo. Mimi bado nafundisha darasa la tatu hapa Alunguli, na mshahara wa serikali bado unakuja siku unayotaka wenyewe. Shangazi Asha anaumwa magoti, lakini ulimi hauumwi. Paa la jiko lako linavuja juu ya figa la kushoto, pale pale ulipokuwa ukikaa. Treni imekuja mara moja tangu utuache. Watu wa upande wetu walivuka Lualaba kwa mitumbwi kwenda kuitazama tu, kama arusi ya tajiri. Iliporudi iliacha magunia mengi ya muhogo mkavu stesheni kwa sababu mabehewa hayakutosha, na mpaka leo magunia yako pale, yanaliwa na panya.

Na mvua zimeanza, Mama. Mwaka huu zimeanza vizuri, zinaloweka bila kukimbiza udongo. Wewe ungekuwa umekwisha kwenda shamba. Mimi nimekaa ndani nakuandikia kwa sababu sina kitu cha kupanda.

Nilipika mbegu yako. Ile ya ndani ya mto wako wa kulalia. Niliitwanga, nikaipepeta, nikaipika siku ya hitima yako, na watu wakala, wakashiba, wakakuombea dua. Sasa nimesema. Nilitafuta namna ya kulifikia taratibu, sikuipata.

Utasema, "Mwamini, ulikuwa na akili gani siku ile?" Ngoja. Nianze kule ilikoanzia, hata kama unakujua kuliko mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja vita vilipofika Kindu, Ramazani saba, mdogo wetu Feza minne. Baba alikuwa amekwisha kufa kwa maradhi, ukabaki wewe na sisi watatu. Watu wa bunduki walikuwa wanabadilika, leo hawa, kesho wale, lakini kwenye kuchukua wote walikuwa na mkono mmoja. Walichukua mbuzi, sufuria, vikwembe vya kujifunga, hata milango. Mpunga ndio walioupenda kuliko vyote. Walikuwa wanapekua hadi juu ya moto jikoni, ambako kila mama wa huku hutundika mbegu ili moshi uzuie wadudu. Walikuwa hawaulizi njia. Nadhani na wao mama zao walitundika pale pale.

Wewe ukaiteremsha mbegu yako na kuishonea ndani ya mto. Kitambaa cha marekani, ulichokipaka masizi na mawese kwa makusudi mpaka mimi mwenyewe nikaona kinyaa kukigusa. Ulisema, "Hakuna mwizi wa muto muchafu." Na kweli. Walipoingia kwetu walichukua hata kinu, wakakipasua kuni mbele yetu. Ule mto mmoja wao aliusukuma pembeni kwa mguu, akapita.

Tukakimbilia msituni, mto juu ya kichwa chako. Tulikuwa sisi na Mama Safi, yule mgeni wa Obokote ambaye vita vilimkuta Kindu alipokuja kumsalimia dada yake. Mlijenga kibanda cha majani, mkatufundisha kukohoa ndani ya viganja. Tulikula viazi vya porini, majani, viwavi vilipokuwapo. Chumvi tuliisahau. Na kila ulipolala tulizisikia zile punje zikichakarika chini ya sikio lako ukigeuka. Sijui kama ulijua kwamba tulikuwa tunasikiliza. Ramazani alikuwa anamezea mate sauti ile.

Tukilia njaa ulikuwa na jibu moja. "Mbegu haiko chakula. Mukikula mbegu, mumekula na kesho." Ulilisema bila ukali, kama unavyomwambia mtu kwamba mto wa maji hauvukwi hapa, avuke kule. Ndiyo maana liliuma zaidi.

Halafu Feza akaanza kuvimba. Miguu, kisha uso. Nywele zikawa nyekundu na laini kama za mahindi machanga. Aliacha kulia, nasi tukajua ni vibaya, maana Feza alikuwa mlizi wa kwanza katika ukoo mzima. Siku ile ulinituma mimi na Ramazani kwenye kijito cha mbali tutafute kaa, na nilijua unatuondoa. Tuliporudi na kaa watatu, wadogo, mmoja hana mkono, Feza alikuwa amefunikwa kikwembe, na wewe umekaa kando yake umeukumbatia mto. Mto ulikuwa umeshonwa, mzima, kama siku zote.

Tangu siku ile, Mama, nilibeba neno kifuani. Nilikupikia, nikakufulia, ulipougua nikakuosha, na neno lilikuwa pale pale: huyu alikuwa na chakula chini ya kichwa chake, na mtoto wake akafa njaa ubavuni mwake. Lilinitoka mara moja tu, nilipokuwa msichana mkubwa, siku uliyotukataza tusipike mpunga wa mbegu ingawa tulikuwa na wageni. Nilikuambia, "Wewe unapenda mpunga kuliko watu." Uliinuka ukaenda kuchambua sombe, majani ya muhogo ya jioni.

Tuliporudi Alunguli vita vilipotulia, hakukuwa na mbegu. Kila mtu alikuwa amekula yake, au imeliwa. Watu walikuwa na mashamba, majembe ya kuazimana, mvua, na hakuna cha kutia ardhini. Mchele wa msaada ulikuja kwenye magunia, na wengine wakajaribu kuupanda, maskini. Ulikuwa unawapita njiani ukitikisa kichwa. "Muchele haizae. Ilishavuliwa nguo." Ukapanda wa kwako. Msimu uliofuata ukawa unafunga mbegu kwenye pembe za vitambaa vya kichwa vya wanawake wenzako, huyu kidogo, yule kidogo. Mama Safi aliporudi kwao Obokote alikwenda na fundo lake. Alunguli nzima ilikula kutoka kwenye mto wako, na mimi niliona hayo yote, na bado neno halikutoka.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo tuliinuka. Ulikuwapo, uliona. Tulivuna, halafu tukabaki tunauangalia mpunga na mpunga unatuangalia. Njia ya Kasongo ilikuwa matope, njia ya Punia matope na madaraja ya magogo. Vijana walifunga magunia kwenye baiskeli wakazisukuma kwa miguu wiki nzima, wiki mbili, wakarudi wamekonda na chumvi na sabuni kidogo. Waliochoka na baiskeli wakaenda Pangi kuchimba mawe ya madini, na wengine hawajarudi. Na wakati huo huo madukani ng'ambo ya Lualaba ukaanza kuingia mchele wa gunia kutoka nchi za mbali, mweupe, mrefu, hauna hata jiwe. Mimi nafundisha kwamba Maniema ni nchi ya mpunga. Naandika ubaoni, watoto wananakili kwa mwandiko mzuri. Kisha wanakwenda nyumbani, na aliye na bahati anakula wali uliovuka bahari.

Ndipo wakaja watu wa mradi na gari lao jeupe. Sikuwachukia, wala sasa siwachukii. Yule agronomu wao, bwana shamba kijana, alikuwa na adabu, alivua viatu kuingia kwako. Alichukua punje zako kiganjani akazigeuzageuza, akasema, "Mama, hii mbegu imechoka. Imechanganyika sana." Akawapa wote mbegu mpya, fupi, inayoiva haraka. Mwaka wa kwanza watu walicheza ngoma. Wa pili walivuna vizuri. Wa tatu ikaanza kulegea, ikataka mbolea, ikataka mbegu nyingine mpya, iliyobaki ikagoma kuota, na mradi ukawa umefika mwisho wake kama ilivyoandikwa kwamba utafika. Gari likaondoka, kibao kikabaki. Mbegu ya zamani kila mtu alikuwa amekwisha kuitwanga. Nani anaweka kitu kilichochoka?

Wewe tu. Ulipokea mbegu ya mradi, ukashukuru kwa mikono miwili, ukaipanda mbele karibu na njia, gari lipate kuiona. Nyuma ya muhogo ukapanda ya kwenye mto, kipande kidogo, kila mwaka, uivune, uijaze tena, uishone. Agronomu alipokusifu mbele ya wenzako kuwa mama wa mfano, ulicheka mpaka ukashika kiuno. Yeye alidhani ni furaha.

Katikati ya kiangazi ukashikwa na ile homa. Siku ya sita ulinishika mkono ukasema, "Muto... mvua ikianza..." Hukumaliza. Haikuhitaji kumalizwa.

Sasa nifike pale.

Siku ya kwanza na ya pili ya matanga majirani walileta bugali wa muhogo na sombe, watu wakala, hakuna aliyesema neno. Siku ya tatu ilikuwa hitima. Na hitima kwetu ni wali. Mtu wa huku anaweza kuishi kwa muhogo mwaka mzima, lakini kusomewa kwa muhogo hawezi. Wiki ile mchele wa gunia ulikuwa umekauka Alunguli. Ng'ambo walisema chombo kimekwama kwenye mchanga, maji yamepungua. Nilizunguka tangu asubuhi, nikapata vikombe viwili vya mchele wa kulishia kuku. Uani wanawake walikuwa wamekwisha kuinjika maji kwenye sufuria kubwa za msikiti, na maji yakawa yanachemka peke yake.

Shangazi Asha akanivuta nyuma ya nyumba. "Mwamini, masheikh watakula bugali kwenye hitima ya mama yako? Ile haya utaiweka wapi?" Halafu akaangalia dirisha la chumba chako. Shangazi anajua kusema hadi pale pa kukufanya wewe umalizie.

Ningeweza kukataa. Muhogo ulikuwapo, Mama. Majirani walikuwa nao, unga ulikuwapo wa kutosha watu mara mbili. Tungeaibika siku moja, wangetusema mwezi mmoja, wangesahau. Nililijua hilo nikiwa nimesimama mlangoni. Nikaingia, nikachukua wembe.

Nimeahidi sitaruka kitu. Haikuwa ile haya ya masheikh peke yake. Nilipokata ule mshono nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa tamu. Nilisema moyoni, haukufunguka kwa Feza, leo utafunguka kwa watu wote. Nikaumimina mpunga kwenye ungo. Upande ule uliokuwa ukiufungua kila msimu ulikuwa na matundu mengi ya sindano. Kwenye pembe nyingine, mbali kabisa, kulikuwa na mshono mdogo wa zamani, mbaya, wa uzi mwekundu. Niliuona nikaupita.

Wanawake walitwanga zamu kwa zamu. Wali ulipoiva ulinukia hadi barabarani. Wazee walikula kwanza, kisha mmoja akasema, "Huu njo muchele yetu ya zamani," na mwingine akaomba ukoko. Walikusifu. Walinisifu na mimi, kwamba nimemzika mama yangu vizuri. Na nikasikia fahari. Hilo ndilo linalonirudia kila ninapokaa peke yangu, kwamba nilisikia fahari.

Majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa siku ya nne. Nilifagia ua, nikaokota makapi, nikayachambua moja moja kwenye sinia mpaka macho yakauma. Hakuna punje nzima iliyobaki, wanawake wale walitwanga kwa upendo. Nikaanza kuzunguka kwa wale wote waliowahi kufungiwa fundo na wewe. Jibu lilikuwa moja nyumba hadi nyumba: "Ile mbegu ya mama yako? Sisi tulijua iko kwake." Sote tulikuwa tumelalia mto mmoja, na hakuna aliyekuwa na habari.

Akabaki Mama Safi. Baada ya arobaini yako, mvua zikiwa bado, nilimwomba Ramazani anipeleke Obokote kwa pikipiki. Tulikwenda siku tano. Mara nyingine yeye alikuwa anaendesha, mara nyingi tulikuwa tunaisukuma, na kwenye magogo tulikuwa tunaibeba. Kiunoni nilijifunga kitambaa kitupu cha kuchukulia mbegu. Njia nzima nilikuwa najipanga jinsi nitakavyopanda, mistari mitano nyuma ya muhogo, kama wewe, kisha mwakani kumi.

Mama Safi amezeeka, jicho moja limefunga utando. Alinitambua kwa paji la uso. Alipopata habari yako alikaa chini mavumbini akakulilia kwa jina lako la usichana, ambalo sikujua kwamba analijua. Alipomaliza alijifuta, akaangalia kitambaa kiunoni kwangu, na uso wake ukachangamka kidogo.

"Umeniletea mbegu?" akauliza.

Nilikifungua kile kitambaa nikamwonyesha.

Akaelewa, akanipa kiti. Alisema watoto wake wa kiume wote wako kwenye machimbo, na mikono yake haiwezi tena kufyeka msitu, anapanda muhogo mlangoni. Mbegu yako aliitunza miaka mingi juu ya moto. Kisha mjukuu akaugua, akakataa kila kitu. "Nikamutwangia ya mwisho," alisema. "Nilifanya sawa vile mama yako alifanya kwa Feza."

Nilimwambia kwamba hukufanya kitu kwa Feza. Nililisema na ile sauti, unaijua. Ramazani alikuwa nje anaziba gurudumu, hakusikia.

Mama Safi aliniangalia kwa lile jicho lake moja. "Mutoto wangu, wewe ulikuwa kwenye kijito. Mimi njo nilikuwa pale. Mama yako alipasua pembe ya muto na meno. Tukatwanga na jiwe ndani ya kopo, tukafanya uji ya maji-maji. Feza akakunywa vijiko tatu. Akasema iko tamu. Akalala, hakuamuka."

Nilikuwa nimeshika kile kitambaa. Nilikuwa nakikunja na kukikunjua.

"Ya kushona tena hatukukuwa na uzi," alisema. "Nilivuta kwenye kikwembe yangu. Nyekundu. Nikamuuliza, sasa unashona ya nini, si uwapikie hawa wawili wakirudi? Akasema, hawa wawili wataishi. Wasijue. Wakijua muto inafunguka, sitaweza tena kuwakatalia."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata lilikuwa Obokote miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa nakaa nyumba moja na mtungi, nauhukumu.

Mama. Nilikuambia unapenda mpunga kuliko watu, ukaenda kuchambua sombe. Neno moja tu lingetosha. Ungeweza kulisema hata kwenye ile homa, siku ya tano, nilipokuwa nakupangusa na huna cha kupoteza. Najiuliza kwa nini hukulisema, na jibu ninalolipata linaniumiza. Nadhani machoni pako nilikuwa bado yule mtoto wa kulia njaa, na mbegu ilikuwa bado ya kulindwa. Na ulikuwa na haki. Ulipogeuka tu, niliila.

Tulirudi siku tano na kitambaa kitupu. Ramazani aliimba njia nzima kunichangamsha, unajua anavyoimba. Sikumwambia.

Na sasa mvua zimeanza. Kuna mradi mwingine umekuja, gari jeupe jingine, tumeandikwa majina, nimepigwa picha nimeshika jembe. Mbegu, wanasema, iko njiani. Kwanza ilikuwa Goma, wiki iliyopita ilikuwa Kisangani, leo asubuhi kijana wao alisema ndege haina nafasi. Anasema kwa upole, na yeye hana la kufanya. Tunamwangalia, anatuangalia, mvua inanyesha juu yetu sote. Mpunga uliochelewa kupandwa ni majani ya mbuzi, ulikuwa unasema, na mbuzi wenyewe hatuna.

Nimejaribu kumtafuta wa kumlaumu. Nimewaanza watu wa bunduki, nikapita kwa mradi, kwa barabara, kwa treni, kwa Shangazi Asha na macho yake ya dirishani. Kila mmoja ana fungu lake. Lakini nikifika mwisho wa safu namkuta mwanamke ameshika wembe, na ni mwalimu, na anajua kusoma.

Kwa hiyo sina ahadi kubwa. Siwezi kukuahidi mpunga, maana sijui uko wapi duniani. Nitaendelea kuuliza, kila anayepita na baiskeli kutoka huko ndani nitamuuliza. Pengine yuko mama mmoja mahali ambaye aliambiwa mbegu yake imechoka, akacheka akashika kiuno.

Ninayoweza kuahidi ni haya. Nitamwambia Ramazani kuhusu vile vijiko vitatu. Nitamwambia Shangazi Asha, yeye atawaambia wengine wote kabla ya jioni. Darasani kwangu nitaacha kufundisha kwamba tuko nchi ya mpunga, au nitafundisha na haya mengine pamoja. Na nikifa mimi, kwenye hitima yangu watu wale bugali. Nimekwisha kuiandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya kabati, na Ramazani ameisoma akanicheka. Masheikh wakiona haya, haya ni yao.

Lala, Mama. Msalimie Feza. Mwambie nilileta kaa watatu, nilichelewa.

Kile kitambaa cha mto nimekifua, masizi ya vita yametoka kidogo. Nilifungua mishono yote ili kikauke vizuri. Ule mwekundu sikuufungua.

Mwanao,
Mwamini